Tupeane uzoefu: dini na maadili vimewahi kuamua kura yako?

Mwanzisha mada, Morogoro
Ndugu zangu, naomba tusimuliane bila kushutumiana. Mwaka 2010 Rais Kikwete, ambaye ni Mwislamu, aligombea muhula wa pili, na Dkt. Willibrod Slaa, aliyewahi kuwa padri, akasimama kwa tiketi ya CHADEMA. Basi habari za udini zikatawala hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Mimi ni Mkatoliki na nilimpigia Slaa. Nikiulizwa sababu, huitaja orodha ya mafisadi aliyoisoma Mwembeyanga, Dar es Salaam, mwaka 2007, na ni kweli iliniingia. Hata hivyo, orodha hiyo hiyo ikisomwa na mtu ambaye hajawahi kusimama altareni, sidhani kama ningeiamini upesi namna ile. Dini haikunichagulia mgombea, ila ilinipunguzia maswali ya kumuuliza. Je, wenzangu?

Mchangiaji wa Tanga
Kwangu ilikuwa Mahakama ya Kadhi, yaani mahakama ya Kiislamu ya mambo kama ndoa na mirathi, ambayo Waislamu wengi wa Tanzania Bara walikuwa wakiidai. Ilani ya CCM ya mwaka 2005 iliahidi kulipatia suala hilo ufumbuzi, na sisi tuliokuwa na shauri la mirathi lililokwama tuliisoma ahadi ile kwa makini kuliko habari za barabara. Ulipofika uchaguzi uliofuata, nilisimama mkutanoni nikamuuliza mgombea ubunge imefikia wapi. Akajibu kwamba mchakato unaendelea, akageukia visima. Kura yangu aliikosa hapo hapo, ingawa ni Mwislamu mwenzangu na tunaswali msikiti mmoja. Wanaodhani Mwislamu humchagua Mwislamu tu hawajakaa nasi.

Mchangiaji wa Nakuru
Huku Kenya tulipimwa kwenye kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu kinachohusu utoaji mimba, na William Ruto akawa mstari wa mbele upande wa "Hapana". Mchungaji wetu alihubiri hayo Jumapili baada ya Jumapili, nami nikapiga "Hapana", rasimu ikapita. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba msimamo ule ulinifuata hadi uchaguzi wa 2013: kila mgombea niliyemsikia, nilijiuliza kwanza alikuwa upande gani mwaka 2010, kabla sijamuuliza atafanya nini kuhusu maji. Kanisa Anglikana lilipowazuia wanasiasa kuhutubia ibadani mwaka 2021, nilishukuru, japo michango ya harambee ilipungua.

Mchangiaji wa Singida
Yangu si ya dini moja kwa moja. Katika kata yetu aligombea udiwani mama mmoja aliyeachika, mchapakazi, ambaye ndiye aliyesimamia ujenzi wa zahanati. Wazee, wa kanisani na wa msikitini, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya siku ya mnada, safari hii walikuwa na neno moja: "Aliyeshindwa nyumba yake ataiweza kata?" Mpinzani wake alikuwa na wake wawili na kesi ya matunzo ya watoto, na hakuna aliyemuuliza habari za nyumba yake. Nilimpa kura yule mama. Dada zangu wawili walimnyima, na mmoja wao alijifungulia kwenye zahanati hiyo hiyo.