Istanbul siku mbili: nilipie mwongoza watalii au nizunguke mwenyewe?

MamaMizigo: Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao naenda Istanbul kufunga mzigo Laleli, safari ya tatu sasa. Mbili za mwanzo sikuona kitu zaidi ya hoteli, maduka ya jumla na ofisi ya kago. Nimerudi nyumbani mama ananiuliza, "Ule msikiti mkubwa ukoje?" Nikabaki kukodoa macho. Safari hii nimeongeza Jumamosi na Jumapili. Naona matangazo ya matembezi ya mguu na mwongozaji wa Kiingereza, ya muda wa saa tatu hivi, mengine eti bure kabisa. Inalipa, au nijizungukie na simu yangu? Jumapili nataka lile soko kubwa la kuezekwa. Nina goti moja bovu, msinipandishe milima.

Kobe Mzee: Dada, hilo soko la kuezekwa, Kapalıçarşı, Jumapili linafungwa! Lipeleke Jumamosi mchana, asubuhi ufanye matembezi. Kutoka Laleli unapanda tramu T1, kituo cha tatu ni Sultanahmet, penye ule msikiti. Nunua Istanbulkart, kadi ya nauli, inatumika hadi kwenye feri.

mtu_wa_pwani: Hayo ya bure usiyaamini. Ukifika mwisho jamaa anasimama, anatabasamu, na kila mtu anaingiza mkono mfukoni. Si wizi, ndiyo riziki yake, ila uwe umejiandaa. Muhimu zaidi, Uturuki mwongoza watalii lazima awe na leseni, na huivaa shingoni. Asiye nayo mpite.

Pangu Pakavu: Mimi napinga. Weka hela yako. Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wa minara sita, kuingia ni bure, epuka tu saa za swala. Aya Sofya, ule msikiti wa kale uliokuwa kanisa, mgeni analipa, tangu 2024 ilikuwa yuro 25, na hiyo mara nyingi haimo kwenye bei ya matembezi. Kwa hiyo unalipa mara mbili ili usimuliwe mambo yaliyo kwenye simu.

Shangazi wa Tanga: Pangu, yaliyo kwenye simu unayasoma ukishajua pa kutazama. Ule uwanja mbele ya msikiti nilikatiza mara nne nikidhani ule mnara wa jiwe ni pambo la manispaa. Mwongozaji ndiye aliyetusimamisha: jiwe limetoka Misri, lilichongwa enzi za Farao Thutmose III, na mfalme Theodosius akalisimamisha hapo mwaka 390, kati ya uwanja wa mbio za magari ya farasi. Akatuinamisha kwenye kitako cha marumaru. Mfalme mwenyewe kachongwa pale, ameshika taji la kumvika mshindi, na chini yake wacheza ngoma wamepanga mstari. Mwenyewe nisingeinama.

Lakini na mimi nina kilio. Safari nyingine niliangukia mwongozaji aliyetuingiza duka la mazulia "dakika tano tu". Chai ya tufaha, zulia la kwanza, zulia la ishirini, dakika arobaini zimekwenda. Kabla ya kulipa uliza: kuna duka njiani?

Kobe Mzee: Kuhusu goti: Aya Sofya watalii wanapandishwa ghorofani, panda taratibu. Na ukitaka kwenda Istiklal, ule mtaa wa maduka, usiupande ule mlima kwa miguu. Karaköy kuna Tünel, kitreni cha chini ya ardhi kinachopandisha watu tangu 1875.

mtu_wa_pwani: Na mpiga kiwi akipita mbele yako akaangusha brashi, usiiokote. Mimi niliiokota kwa adabu zetu za Kiafrika. Akashukuru, akanilazimisha kunisafishia viatu, kisha akanidai hela ya viatu vipya.

MamaMizigo: Nimecheka peke yangu dukani 😂 Basi Jumamosi asubuhi mwongozaji mwenye leseni shingoni, mchana soko. Misikitini kanga zangu mbili zinatosha kujistiri. Jumapili je?

Shangazi wa Tanga: Feri ya Eminönü kwenda Kadıköy, dakika kama ishirini, unavuka Ulaya kwenda Asia umekaa, goti limepumzika. Beba simit, ile mikate ya duara yenye ufuta.

MamaMizigo: Ya kula njiani?

Shangazi wa Tanga: Nusu yako, nusu ya ndege. Wanafuata feri hadi ng'ambo, na wanadokoa mkononi.