Kikosi cha 18, cha 22 au cha 25: kipi kinalipa kwenye Football Manager?

BenchiRefu
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaoumiza vichwa na Football Manager, ule mchezo wa kuendesha timu ya mpira kama kocha, wa kompyuta na wa simu wote karibuni.

Nafundisha timu ya kati pale Ligi Kuu ya Uingereza. Tumemaliza nafasi ya saba, kwa hiyo msimu ujao tunaingia Conference League, lile kombe la tatu kwa ukubwa la klabu za Ulaya, kupitia mechi mbili za mchujo. Bodi imeniongezea fungu la mishahara na sasa sijui nilitawanye au nilirundike kwa wachache. Njia ninazoziona ni tatu.

Kwanza, watu 18 tu wa kikosi cha kwanza, mapengo yazibwe na vijana wa akademi, na fedha zote ziende kwa kumi na moja wa kuanza. Pili, 22, yaani wawili kwa kila namba. Tatu, 25 kwenda juu, orodha ya usajili ijae na wengine wabaki akiba.

Anayetumia mojawapo anipe sababu. Msije mkaniambia "inategemea" halafu mkapotea. Nawasilisha.

KatiMbili
22, mkuu, wala usihangaike. Kila namba ina mwenyewe na mpinzani wake. Akipata pancha wa kwanza, wa pili anaingia akiijua kazi ileile, hulazimiki kugusa mfumo. Ushindani mazoezini unapanda, na ukiangalia kikosi unajua moja kwa moja wapi kuna pengo. Mimi sijaona faida ya kujibana na watu 18 wakati ligi ya siku hizi inaruhusu sabu watano na benchi la watu tisa. Siku ya mechi peke yake inataka watu 20.

MzeeWaMfumo
KatiMbili, hiyo 22 inahesabu namba za uwanjani. Mimi nahesabu mechi, na majibu yanakuja tofauti kabisa.

Chukua timu isiyocheza Ulaya. Ligi 38, weka Kombe la FA mbili na Kombe la Ligi mbili, jumla 42. Muondoe kipa kwenye hesabu maana yeye habadilishwi ovyo. Kila mechi ina nafasi 10 za kuanza, kwa hiyo msimu mzima una nafasi 420. Ukiwa na 22, makipa wawili, wa ndani, yaani wasio makipa, wanabaki 20. Gawa: 21 kwa kila mmoja. Inapendeza, ila hakuna meneja anayegawa sawa kwa sawa. Una nyota wako wanane ambao mikataba yao inasema wataanza karibu kila wiki. Wape 34 kila mmoja, hiyo ni 272. Zimebaki 148 kwa watu 12, yaani kama 12 kwa kila kichwa katika msimu mzima. Sasa kumbuka uliwaambia nini hao 12 siku ya kusaini. Kama uliwaahidi kuanza mara kwa mara, ifikapo Novemba wanakugongea mlango mmoja mmoja, na rafiki zao chumbani wanaanza kununa pamoja nao. Mchezo huu unakuadhibu kwa ahadi kuliko kwa majeruhi.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa kikosi cha 18. Wa ndani 16, toa nyota wanane, waliobaki wanane wanagawana 148, zaidi ya 18 kila mmoja. Hao wametulia, fitinesi yao ya mechi iko juu, na ukimuingiza mmoja haonekani mgeni.

Halafu chukua upande wa pili. Timu inayobeba kila kitu pale Uingereza: ligi 38, Kombe la FA sita, Kombe la Ligi sita kwa kuwa timu za Ulaya zinaanzia raundi ya tatu na nusu fainali ni mbili, Ligi ya Mabingwa kwa muundo wa tangu 2024 ni nane za mwanzo na saba za mtoano kama umeingia nane bora. Jumla 65. Nafasi 650. Hapo ukija na watu 18, wastani unavuka mechi 40 kwa kila mtu wa ndani, pamoja na yule mbadala wa mbadala. Watakatika.

Kwa hiyo BenchiRefu, namba yako inatoka kwenye ratiba. Ligi 38, mchujo mbili, hatua ya ligi ya Conference mechi sita, makombe ya ndani tuseme nne. Hamsini. Mimi kwa hamsini naweka 20: makipa wawili na wa ndani 18, chini yao vijana watatu au wanne ambao hawahesabiki.

Straika_Mstaafu
Hesabu tamu, Mzee, ila inachukulia kwamba watu hawaumii. Mleta uzi hajasema anacheza vipi. Kama anakaba juu kwa kasi dakika 90, hao 18 wake wa ndani kufikia Februari watakuwa 13. Mfumo wa presha unakula miguu, na ukiongeza mazoezi makali katikati ya wiki yenye mechi mbili ndiyo umewamaliza.

Na kitu ambacho wengi wanasahau wakati wa kusajili: Kombe la Mataifa ya Afrika. La Ivory Coast lilichezwa Januari na Februari 2024, la Morocco likaanza Desemba 2025. Mchezo unafuata kalenda. Una Waafrika wanne kikosini, wote wanaondoka kwa mpigo mmoja kipindi ambacho ligi ya Uingereza haipumui. 25, bila kupepesa macho.

KatiMbili
Mzee, kabla hujamuua mtu na 20, nami nikusaidie mfano: Leicester 2015/16, waliotwaa ubingwa wa Ligi Kuu. Kikosi kilekile wiki hadi wiki.

MzeeWaMfumo
Mfano mzuri, tena unathibitisha ninachosema. Leicester ile haikuwa Ulaya. Kombe la Ligi walitolewa na Hull kwa penalti raundi ya nne, Kombe la FA wakatolewa na Tottenham raundi ya tatu baada ya kurudiana. Kuanzia Januari katikati walikuwa na ligi tu. Ratiba iliwaruhusu.

Ukitaka ya kustaajabisha zaidi, Aston Villa ya 1980/81 chini ya Ron Saunders ilitwaa ubingwa kwa wachezaji 14. Kumi na nne, ligi ya mechi 42! Ila usiige. Enzi hizo sabu alikuwa mmoja na kasi ya mpira haikuwa hii.

DadaKocha
Wote mnabishania idadi, hakuna aliyegusa sheria za usajili, na ndizo zitakazomuamulia BenchiRefu kabla hajachagua lolote.

Ligi Kuu inakupa orodha ya 25, lakini wasiolelewa nchini, yaani waliokulia kisoka klabu za nje, wasizidi 17. Ukiwa na waliolelewa watano tu, orodha yako ni 22 hata kama una fedha za kununua dunia nzima. Nafasi tatu zinakaa wazi. Walio chini ya miaka 21 hawahitaji kuandikishwa, kwa hiyo kijana wa miaka 19 mwenye uwezo ni mchezaji wa 26 bila kukugusa popote.

UEFA, wenye mashindano ya Ulaya, ndiyo inauma. Nako ni 25, nafasi nane zimetengwa kwa waliolelewa, na kati ya hizo nane, nne lazima wawe wamelelewa na klabu yenyewe: misimu mitatu hapo klabuni kati ya miaka 15 na 21. Timu nyingi za kati hazina hata wawili. Ukiwa huna hata mmoja, orodha yako ya Ulaya inaishia 21. Kwa hiyo Straika_Mstaafu anaposema 25, aniambie wanne wa mwisho watacheza wapi, maana Alhamisi, siku ya mechi za Conference League, watakuwa jukwaani.

Dawa ninayoitumia: kipa wa tatu siku zote ni zao la akademi. Hachezi, halalamiki, anajaza nafasi. Na kila msimu nanunua vijana wa miaka 16 au 17 wawili watatu nikae nao. Wakifika 21 wanahesabika kama wa klabu, na asiyefaa nauza kwa bei ya kuridhisha.

Straika_Mstaafu
Hapo kwenye Ulaya umenibana, Dada. Lakini Alhamisi jukwaani ndiyo Jumapili uwanjani! Hao wanne wa mwisho ndio wanaoanza mechi ya ligi baada ya safari.

DadaKocha
Wakiwa na ubora wa kuanza Ligi Kuu, hawatakubali kukaa jukwaani Alhamisi zote. Wakiwa hawana, unawalipa mishahara ya nini?

Mwanzo_Mgumu
Samahani wakuu, mimi mgeni, nacheza ya simu. Hao vijana "wasiohesabika" wanakaa wapi? Nikiwapandisha kikosi cha kwanza wanasugua benchi, nikiwaacha chini hawakui.

MzeeWaMfumo
Mdogo wangu, chini ya miaka 18 mazoezi mazuri yanamtosha, muache na wenzake. Akivuka hapo anahitaji mechi za watu wazima. Kama huwezi kumpa hata kumi na tano kwa msimu, mtoe kwa mkopo mahali ambapo ataanza. Usimtunze eti ni akiba. Akiba isiyocheza inaoza.

KatiMbili
Nawasikia, ila bado nasimama na 22, na nitaeleza kwa nini. Mzee anagawa nafasi kana kwamba mtu yeyote anaingia popote. Beki wa kushoto akiumia, hizo nafasi 500 zako hazinisaidii kama waliobaki wote ni viungo. Wawili kwa kila namba ni bima.

DadaKocha
Bima ya gharama, tena kwenye namba zisizochakaa. Kwangu uzito wa kila namba ni tofauti. Mabeki wa pembeni wanaopanda na mawinga wanaokaba ndio wanaochoka haraka kuliko wote, hapo sibanii. Kiungo mkabaji naye anakula kadi: njano tano ndani ya mechi 19 za kwanza za ligi unakosa mechi moja, na aina hiyo ya mchezaji anazifikisha mapema. Huyo lazima awe na mwenzake wa kweli. Mabeki wa kati wanne wanatosha kwa wawili wanaoanza. Lakini namba kumi, kiungo wa nyuma ya straika? Winga wangu mmoja anaijua, sihitaji mtu wa pili anayeijua hiyo tu.

Mchezaji anayecheza namba mbili vizuri ni sawa na kupunguza mshahara mmoja. Mfundishe namba mpya mazoezini tangu maandalizi ya msimu, inachukua miezi lakini inakuja. Beki anayetumia kulia na kushoto namlipa kuliko bora wa upande mmoja. Guardiola mwenyewe, akiwa kocha wa Manchester City, Mei 2025 alisema hadharani hataki kikosi kikubwa cha kuacha watu watano sita nje kila mechi, na yule alikuwa na fedha za kumchukua yeyote.

Straika_Mstaafu
Guardiola alikuwa na mabeki wanaocheza kiungo. Mleta uzi ana mabeki wanaocheza beki.

BenchiRefu
Hahaha, hapo umenisoma. Nimewasikia wote. Nimekaa na orodha, nimeangalia: waliolelewa na klabu ninao wawili tu, kwa hiyo Ulaya mwisho wangu ni 23, na ile ndoto ya 25 imejifia yenyewe. KatiMbili, 22 nimeiacha kwa ajili ya mishahara. Naenda na 20.

Makipa wawili, na wa tatu kijana wa akademi kama alivyosema Dada. Mabeki wa kati wanne. Wa pembeni watatu, mmoja anacheza pande zote. Viungo watano, wawili kati yao wakabaji. Mawinga wanne, mmoja anajua namba kumi. Straika wawili, chini yao kuna dogo wa miaka 18. Wale watatu waliokuwa wanalalamika nawauza, na kila mkataba mpya naandika muda wa kucheza wa chini kidogo kuliko ninaokusudia kumpa.

MzeeWaMfumo
Hiyo ya mwisho ni akili. Ukimuahidi kidogo ukampa zaidi, hakuna anayekuja ofisini.

KatiMbili
Beki wa pembeni watatu kwa mechi hamsini. Sawa. Tutaonana Machi.

Straika_Mstaafu
Mimi swali moja. Hao straika wawili ni wa taifa gani?

BenchiRefu
Mmoja Senegal.

DadaKocha
Na wa pili?

BenchiRefu
Kameruni. Nimeona, wakuu, nimeona. Narudi sokoni.