John Denver: mkusanyo wa 1973, wa 1977 au boksi la 1997?

Mpenda_Santuri
Wadau, habari za jioni. Mzee wangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao, nataka kumpa zawadi ya mkusanyo wa nyimbo za John Denver, yule mwimbaji wa Marekani. Nyumbani kwetu redio ikipiga "Take Me Home, Country Roads" watu wote kimya. Nimeona tatu: John Denver's Greatest Hits ya 1973, Volume 2 ya 1977, na The Country Roads Collection ya 1997 yenye CD 4. Mfuko unaruhusu moja tu. Nichukue ipi?

Baba_Tatu
Ya 1973 mkuu, usisite. Ile si nyimbo zilizookotwa huku na kule zikabandikwa jalada jipya. Denver alirudi studio akaimba upya kadhaa za zamani, maana alishazizoea jukwaani na sauti ilikuwa imekomaa. Chukua "Leaving on a Jet Plane" ya albamu yake ya 1969, kisha sikiliza hii. Kule ni kijana anajitafuta, huku ni mtu aliyetulia ndani ya wimbo wake. Aliutunga 1966, lakini kundi la Peter, Paul and Mary ndilo lililoufikisha namba moja Marekani mwaka 1969. Kwangu mimi, mwaka 1973 alikuja kama mwenye shamba, kuvuna chake.

Gitaa_Kavu
Baba Tatu nakuheshimu sana, ila hapo hapana. Ya 1973 haina "Annie's Song"! Haiwezi kuwa nayo, wimbo ulitoka 1974. Volume 2 inao, tena pamoja na "Back Home Again", "Calypso" na "Thank God I'm a Country Boy". Zawadi ya mzee bila "Annie's Song" mimi siielewi.

Bi_Mwanahawa
Tusimpotoshe kijana kwa majina ya vibao. Mkusanyo wa 1973 ulipotoka, Denver mwenyewe alikuwa ameingiza nyimbo mbili tu kwenye kumi bora za Marekani: "Country Roads" na "Rocky Mountain High". "Sunshine on My Shoulders" ilikuwa imekaa kimya kwenye albamu ya 1971, ikaja kushika namba moja 1974, mkusanyo ukiwa tayari madukani. Kwa hiyo uzuri wake haupo kwenye chati. Sikiliza "Rhymes and Reasons" na "Poems, Prayers and Promises", gitaa na sauti vinavyoachiana nafasi. Nyimbo 11 na hakuna ya kuruka. Boksi la CD 4 ni la mtu anayefuatilia maisha yote ya msanii. Mzee atasikiliza ya kwanza, tatu zitabaki kabatini.

Baba_Tatu
Umesema kweli dada. Na kwenye kuimba upya Denver hakuwa peke yake, mwimbaji Gordon Lightfoot wa Kanada naye alirekodi upya nyimbo zake za miaka ya sitini kwa ajili ya mkusanyo wake Gord's Gold, 1975.

Mpenda_Santuri
Nimemdodosa mama. Anasema mzee huimba "Country Roads" na "Poems, Prayers and Promises" akinyoa ndevu. Zote zimo kwenye ya 1973, basi naichukua hiyo, santuri.

Gitaa_Kavu
Sawa, nimekubali kwa sababu ya mzee. "Annie's Song" mpigie kwenye simu siku hiyohiyo.

Bi_Mwanahawa
Kabla hujalipa, itoe kwenye jalada uitazame mwangani pande zote mbili. Mikwaruzo utaisikia zaidi kwenye nyimbo tulivu kama hizi.