XSLT: mistari ya shairi iliyofuatana naifungaje kwenye ubeti mmoja?

kalamu_butu
Wakuu salama? Nina mswada wa mashairi, umeandikwa Word nikautoa ukawa XML, ila umetoka flati kabisa, kila kitu ni p (alama ya aya) tu, mistari ya shairi ina class="mstari" na maelezo ya mhariri katikati yana class="maelezo", ubeti haupo popote. Nataka mistari inayofuatana ivikwe `<ubeti>`, yakija maelezo ufungwe, mistari ikianza tena ufunguke mwingine. Kwenye XSLT (lugha ya kugeuza XML) nimeweka for-each-group, amri ya kupanga makundi, yenye group-by="@class" nikapata kituko, mistari ya kitabu kizima imejazana juu kwenye ubeti mmoja mrefu kama treni ya mizigo, maelezo yote yako chini yake. Nakosea wapi? Natumia Saxon, programu ya kuendesha XSLT.

fundi_mabano
Mkuu group-by haijali nani kakaa wapi, inakusanya wote wenye thamani moja hata kama huyu yuko mwanzo wa faili na yule mwisho. Wewe unataka group-adjacent, hii inatembea na mpangilio wa faili, thamani ikibadilika tu inafunga kundi.

```
<xsl:for-each-group select="*" group-adjacent="string(@class)">
  <xsl:choose>
    <xsl:when test="current-grouping-key() = 'mstari'">
      <ubeti><xsl:apply-templates select="current-group()"/></ubeti>
    </xsl:when>
    <xsl:otherwise>
      <xsl:apply-templates select="current-group()"/>
    </xsl:otherwise>
  </xsl:choose>
</xsl:for-each-group>
```

Hiyo string() usiiguse. Ikitokea p moja haina class, ufunguo unakuwa mtupu, na group-adjacent inataka thamani moja kamili, utatupiwa eror XTTE1100. Halafu select iwe * sio node(), la sivyo zile nafasi tupu kati ya elementi nazo zinahesabiwa, zinakata kundi, unapata ubeti kwa kila mstari.

kalamu_butu
Imekubali!! Ila sasa pale beti mbili zinapofuatana bila maelezo katikati zimeungana, mistari minane ndani ya ubeti mmoja 😅

jamaa_wa_seva
Si uhesabu nne nne tu, ndani ya current-group() weka for-each-group nyingine yenye group-adjacent="(position() - 1) idiv 4", kwisha kazi.

bibi_vina
Wanangu hapo mtaumia. Nne nne ni sawa kama mswada wote ni tarbia, ukikutana na tathlitha (mistari mitatu) au takhmisa (mitano) humo humo je? Na mshororo mmoja ukirukwa, kuanzia hapo beti zote zinahama, kibwagizo kinaenda kulala kwa jirani. Kalamu, mwandishi ameacha mstari mtupu kati ya beti na beti? Kama upo huo ndio mpaka wako, usihesabu kitu.

kalamu_butu
Upo, ni p tupu, nayo ina class="mstari" ndo maana haikati.

fundi_mabano
Bibi kasema kweli. Badili ufunguo uwe hivi:

`if (normalize-space(.) = '') then 'tupu' else string(@class)`

kisha ongeza xsl:when ya 'tupu' usiandike kitu ndani yake, hizo p zitapotea zenyewe.

kalamu_butu
Nimeweka, baadhi zimegawanyika, nyingine bado zimeng'ang'ana. Kwa macho ni tupu kabisa!

fundi_mabano
Hiyo ni Word mkuu, ndani kuna ile nafasi isiyokatika, herufi namba 160, normalize-space haiitambui kama nafasi. Igeuze kwanza: `normalize-space(translate(., '&#160;', ' '))`. Mimi ilishanilaza macho usiku mzima.

jamaa_wa_seva
Na sisi wenye xsltproc tu (programu nyingine ya kuendesha XSLT) tunafanyaje, inaniambia inajua XSLT 1.0 basi

fundi_mabano
for-each-group imekuja na XSLT 2.0 mwaka 2007, xsltproc imebaki na ile ya 1999, hata brauza ni hivyohivyo. Kuna ile njia ya Muench ya xsl:key na generate-id ila hapa haikusaidii, nayo inakusanya kwa thamani bila kujali ujirani. Inabidi utembee mwenyewe, unashika mstari ambao preceding-sibling::*[1] yake sio mstari, unafungua ubeti, halafu tempuleti yenye mode inajiita kwa following-sibling::*[1] mpaka ikutane na kitu kingine. Inafanya kazi ila ukiisoma baada ya mwezi hutajua uliandika nini. Saxon-HE ni ya bure, kama Java ipo kwenye seva weka hiyo, ila zile za karibuni usitenganishe jar na folda yake ya lib.

kalamu_butu
160 ndo ilikuwa mchawi, asanteni sana. Zimebaki beti mbili zenye mistari mitatu, nikarudi kwenye Word kuangalia kumbe mshairi mwenyewe karuka mshororo. Sasa sijui nani atampigia simu.

bibi_vina
😂 Mpigie wewe. Ila uanze na salamu ndefu.