Bronkoskopi bei gani ukiwa na bima na bila bima? Nimetajiwa bei mbili tofauti kabisa

mtoto_wa_mwisho:
Habari zenu wakuu. Baba ana kikohozi hakiishi mwezi wa tatu huu, juzi akaanza kutoa makohozi yenye damu, CT skeni imeonyesha kivuli pafu la kulia na daktari wa kifua anataka afanyiwe bronkoskopi, ile ya kupitisha kamera mpaka kwenye mapafu. Bima anayo ila tumeulizia na bei ya keshi hospitali mbili, ya pili imetaja karibu mara tatu ya ile ya kwanza! Kwa nini wakati kipimo ni kilekile? Na bima huwa inalipa yote?

nesi_kifua:
Pole sana na mzee. Mi ni nesi chumba cha kamera. Shida ni kwamba ukiuliza "bei gani" mmoja anakutajia kamera tu, mwingine anakujumlishia kila kitu. Kuna chumba na vifaa, kuna daktari, kuna dawa ya kusinziisha, na akilazwa usingizi kabisa basi mtaalamu wa usingizi naye ana bili yake, afu maabara, na hiyo ndo watu wanaisahau kila siku. Kuangalia tu ni bei nyingine, wakiingiza maji na kuyavuta wapime TB inapanda, wakichukua kinyama cha kupima, yaani biopsi, inapanda tena, na kama ni kuchoma sindano tezi za katikati ya kifua kwa kamera yenye ultrasaundi ndo ghali zaidi. Waulize wote wawili, kinyama na patholojia, yaani maabara ya kukipima hicho kinyama, vimo humo au havimo?

binti_mkubwa:
Hapo kwenye maabara nakazia. Mama yangu alikuwa na bima, wakaomba kibali cha kamera peke yake, kule ndani daktari akaona uvimbe akachukua kinyama kama inavyotakiwa, baadae bima ikagoma kulipa patholojia eti haikuombewa. Tulilipa wenyewe, iliniuma sana. Hakikisheni kibali kimeandikwa kamera pamoja na biopsi na maabara hata kama daktari bado hajaamua. Na uliza kuna asilimia mnachangia au hakuna.

mtoto_wa_mwisho:
Asanteni sana. Sasa hatuwezi kuanza na ya kuangalia tu, ile rahisi, kinyama kije baadae?

nesi_kifua:
Hapana ndugu yangu, nakuomba. Kwa kivuli, kuangalia tu mara nyingi hakutoi jibu, atarudishwa tena na mtalipia chumba, dawa na daktari mara mbili. Kingine, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda semeni leo, zisipositishwa kwa wakati anaweza kuahirishwa akiwa kashafunga kula na kufika hospitali, ila asiziache mwenyewe bila daktari. Na ulizeni bima kama inalipa kulazwa, maana wakichukua kinyama ndani kabisa ya pafu kuna wachache hewa inavuja, ndo maana wanapigwa eksirei baada ya kipimo, na ikivuja sana anawekewa mpira kifuani na kulazwa. Mkiishia kulipa keshi ombeni mchanganuo wa maandishi kwanza, muulize na kulipa kwa awamu. Ila damu ikianza kutoka nyingi msisubiri kibali chochote, kimbilieni dharura.

mtoto_wa_mwisho:
Nimeangalia kibali sasa hivi, kimeandikwa kamera tu. Kesho asubuhi naenda waongeze biopsi na maabara.