Jarida la mabinti wa Kihindi ughaibuni limemfanya bibi yangu mkimbizi wa Idi Amin

Wanajamvi, salaam. Nina malalamiko dhidi ya jarida moja la mtandaoni la hapa Uingereza, linalojinadi kuwa sauti ya wasichana wote ambao asili yao ni India, Pakistan, Bangladesh na Sri Lanka.

Niliwapelekea makala kuhusu bibi yangu, mzaliwa wa Mombasa, aliyeingia nchi hii mapema mwaka 1968 kwa pasipoti ya Uingereza, wakati Wahindi wa Kenya walipokuwa wakigombea viti vya ndege kabla Bunge la Uingereza halijawafungia mlango kwa sheria ya uhamiaji ya Machi mwaka huo. Makala ilipotoka, nilikuta mhariri ameongeza, bila kuniuliza, kwamba familia yetu ilifukuzwa Uganda na Idi Amin. Amin alitoa amri yake Agosti 1972, katika nchi nyingine kabisa, na wakati huo bibi alikuwa tayari anaendesha mashine katika kiwanda cha soksi Leicester!

Aya niliyoithamini kuliko zote, inayoeleza jinsi yeye na dada zake walivyokuwa wakigombana kwa Kiswahili jikoni huku wakimenya muhogo, iliondolewa yote. Badala yake niliulizwa kama ndoa yake ilikuwa ya kupangiwa na kama mavyaa yake alimtesa. Majarida haya yamejaa harusi za Kipunjabi, nyota wa Bollywood na makala za kupinga krimu za kujichubua (hilo la krimu nawaunga mkono, waendelee nalo), lakini sisi ambao wazee wetu walipitia Mombasa, Zanzibar au Kampala tunakumbukwa pale tu Amin anapohitajika kunogesha hadithi.

Malipo sikupata hata senti, niliambiwa nitajulikana. Ninafahamu kwamba fedha ni shida kweli, kwani hata gal-dem, jarida la wanawake wasio Wazungu lililoanza mwaka 2015, lilifungwa mwaka 2023 kwa sababu hiyo. Hata hivyo, ufukara gani unamzuia mhariri kumwandikia mwenye makala barua pepe ya mstari mmoja akamuuliza bibi yake alitoka wapi?

Nimedai marekebisho mara kadhaa, nikajibiwa kwamba wasomaji wameipenda makala kama ilivyo. Naomba wenzangu mliowahi kuandikia majarida ya namna hii mseme hapa kama mlilipwa, na kama mlioneshwa makala zenu kabla hazijachapishwa.