Kutoka Windows 10 kwenda 11: je, imeji ya diski itanihifadhia programu?

Stationari_Arua
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijagusa kitu. Ofisini tuna HP EliteBook 840 G5, RAM GB 8, SSD ya GB 256 iliyojaa kama GB 140. Iko Windows 10, ambayo Microsoft walifunga msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, na nataka kwenda 11. Shida ni programu ya hesabu tunayotolea ankara za EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi Uganda): faili ya kuisakinishia hatuna tena. Nimepanga nichukue imeji ya diski nzima, niweke Windows 11 upya, kisha nirudishe imeji ili programu zirudi. Diski ya nje ya GB 500 ninayo. Itakubali?

Fundi_Ntinda
Haitakubali, na umefanya vizuri kuuliza kwanza. Imeji hubeba diski nzima pamoja na mfumo endeshi wenyewe. Ukiirudisha, Windows 11 inafutika yote na unajikuta kwenye Windows 10 ileile. Kuchomoa programu peke yake kutoka ndani ya imeji nako hakuwezekani: Program Files ni kipande kimoja tu. Vingine viko kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), ProgramData, AppData, na huduma zinazojiwasha pamoja na Windows. Ukinakili folda tu, programu itagoma kufunguka au itadai leseni.

Kinachohamisha programu ni kupandisha Windows juu ya ile iliyopo. Imeji ni ya kukurudisha ulipokuwa, mambo yakiharibika. Fanya vyote viwili, imeji ikitangulia.

Kwanza endesha `chkdsk C: /f` kama msimamizi, uwashe upya mashine. Kisha `powercfg /h off`, halafu zima. Usiporuka hapo utaokoa muda: Windows iliyozimwa nusunusu huacha NTFS (mfumo wa faili wa diski) ikiwa imelala, na Clonezilla, programu ya bure ya kuchukulia imeji, inakataa kuisoma. Kama BitLocker (kufuli ya siri ya diski) imewashwa, andika ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi.

Chomeka flashi ya Clonezilla, washa huku ukibonyeza F9. Chagua device-image, local_dev, diski ya nje, halafu savedisk. Pale chini kuna restoredisk, ambayo inafanya kinyume kabisa, kwa hiyo soma jina na ukubwa wa diski kabla ya kujibu y. Mwishoni ikikuuliza kama ikague imeji, kubali. Diski ya nje iwe NTFS au exFAT, na iwe na GB 140 tupu. Usitegemee mgandamizo, maana picha na PDF hazipungui sana.

Imeji ya Clonezilla haifunguki kwa kubonyeza mara mbili kama folda. Kwa hiyo nyaraka zako, pamoja na nakala rudufu inayotolewa na programu ya hesabu yenyewe, zinakili kando kama faili za kawaida.

Baada ya hapo pakua ISO (faili ya usakinishaji) ya Windows 11. Inazidi GB 5, chagua bando vizuri. Ifungue ndani ya Windows 10, endesha setup.exe, ukatae kupakua masasisho kwa sasa, na uhakikishe skrini ya mwisho inasema "Keep personal files and apps". Chaguo hilo likiwa limefifia, simama. Mara nyingi ISO ni ya lugha au toleo tofauti na la mashine.

Jinja_64
Naongeza moja. Mashine nyingi za mtumba zimewekewa Windows kwa mtindo wa zamani. Fungua msinfo32, tazama "BIOS Mode".

Stationari_Arua
Asanteni sana. Inasema Legacy. Na diski ina patisheni (migawanyo) nne, mojawapo ni D yenye skani za wateja.

Jinja_64
Basi hapo ndipo ungekwama, dada. Legacy ndiyo njia ya zamani ya kuwasha mashine; Windows 11 inataka ile mpya, UEFI, na UEFI inataka diski iwe GPT, yaani mpangilio mpya wa patisheni badala ya MBR ya zamani. Kigeuzi ni mbr2gpt, lakini hakikubali zaidi ya patisheni tatu. Imeji ikishakamilika na kukaguliwa, hamisha vya D kwenye diski ya nje, fungua mafaili machache uone yanafunguka, ndipo ufute D. Kisha:

`mbr2gpt /validate /allowFullOS`
`mbr2gpt /convert /allowFullOS`

Ya kwanza ikilalamika, usiendelee na ya pili. Ikishageuza, ingia BIOS kwa F10, zima Legacy, washa UEFI na Secure Boot. Usipobadilisha hapo, mashine haitaiona Windows kabisa.

Na kumbuka: imeji uliyochukua ni ya MBR. Siku ukilazimika kuirudisha, rudisha na BIOS iwe Legacy.

Fundi_Ntinda
Sahihi. Betri ijae na chaja ichomekwe muda wote. Umeme ukikatika katikati ya convert ni balaa. Ukinunua SSD ya kujaribia urejeshaji, usichukue ya GB 240: Clonezilla inataka diski isiyo ndogo kuliko ya mwanzo.

Ukishaingia 11, una siku 10 tu za kurudi 10 bila imeji. Siku hiyohiyo endesha `DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60` zifike 60, na usifute Windows.old (folda yenye Windows 10 yako) mpaka utoe ankara ya EFRIS na kuiona imepita.